Nilivyojifunza kuandika siku nzima ya Bunge kwenye ukurasa mmoja

Mimi ni katibu wa chama cha wafugaji, na kila mwaka ikifika Aprili, Bunge la bajeti linapoanza Dodoma, simu yangu haipumziki. Majosho yamepita? Ruzuku ya chanjo vipi? Mbunge wetu kasema nini? Mwishowe uongozi ukaamua kwamba kila siku yenye jambo linalotuhusu nitoe ukurasa mmoja, uingie kwenye kundi la WhatsApp kabla watu hawajalala. Nikalalamika kidogo kwamba ukurasa mmoja hautoshi. Mama Mwenyekiti akanikata kauli: "Mwanangu, hotuba tutazisikia redioni. Wewe tuambie wamekubaliana nini."

Kazi yote ikawa hapo. Kwa siku moja Bunge linazungumza saa nyingi, lakini yanayoamuliwa ni machache na yanapita haraka kuliko unavyotarajia. Anayesikiliza kwa kufuata kelele atajaza daftari kwa vijembe na makofi, kisha jioni hana la kuwaambia watu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni karatasi inayoitwa Orodha ya Shughuli. Kila kikao kina ya kwake na Ofisi ya Bunge huiweka kwenye tovuti. Humo mna shughuli za siku kwa mpangilio wake: hati zitakazowasilishwa mezani, maswali yakiwa na namba zake na majina ya wanaouliza, kisha shughuli kubwa ya siku, iwe ni Muswada, makadirio ya wizara au azimio. Naichapisha, naacha nafasi pembeni, na ndimo ninamoandikia. Siandiki mahali pengine popote.

Saa tatu asubuhi Spika anaingia akitanguliwa na siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, anasoma dua, wabunge wanaketi. Kisha anaita, "Katibu!" Katibu Mezani anasimama na kusoma shughuli inayofuata. Mwito huo nimeufanya saa yangu. Kila Spika anapouita ujue shughuli moja imefungwa na nyingine imefunguliwa, nami naandika muda kwenye Orodha. Hata nikiwa na kazi nyingine mkononi huku matangazo yakiendelea mtandaoni, sikio linashtuka likisikia "Katibu!"

Hati za kuwasilisha mezani huchukua dakika chache. Waziri anasimama, anataja jina la taarifa, anaketi. Hakuna mjadala, na wengi huona ni muda wa kunywa maji. Mimi siipuuzi sehemu hiyo hata kidogo, maana taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinafika bungeni kwa njia hiyohiyo, kwa kawaida mwezi Aprili, na zikishafika mezani zinakuwa mali ya umma. Naandika jina la hati, basi.

Maswali ndiyo yanayowapendeza wanachama wetu, na ndiyo yaliyonipa kazi kubwa ya kuchuja. Swali la msingi karibu kila mara linaanza hivi: "Je, ni lini Serikali itajenga..." Anayejibu mara nyingi ni Naibu Waziri, anasoma jibu lililoandaliwa, kisha muulizaji anapewa maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine huchomekea la kwao mojamoja Spika akiwaona. Alhamisi kuna nyongeza ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na hayo hayana jibu la kuandaliwa, kwa hiyo nayasikiliza kwa makini zaidi.

Majibu ya Serikali nimeyawekea madaraja yangu mwenyewe. Jibu lenye kiasi cha fedha na mwaka wa fedha unaotajwa kwa jina, hilo naliandika pamoja na namba ya swali, kwa sababu mwakani mtu anaweza kusimama nalo. Jibu linalosema upembuzi yakinifu unaendelea naliandika kwa penseli. Jibu la "kadiri fedha zitakavyopatikana" siliandiki kabisa. Kuna mzee mmoja wa chama chetu alinipigia kulalamika kwamba nimeruka jibu la lambo letu. Nikamsomea jibu lenyewe neno kwa neno. Akacheka, akasema, "Haya, katibu, umefanya vizuri kuliruka."

Baada ya maswali huja matangazo ya Spika: wageni waliopo ukumbini, kamati zinazokutana mchana, wakati mwingine mechi za timu ya Bunge. Hapo naandaa chai. Kisha inaingia shughuli kubwa.

Kama ni Muswada, jambo la kwanza kujua ni uko hatua gani. Muswada unaposomwa mara ya kwanza hakuna mjadala wala kura ya kuupitisha. Unapelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na kamati inaita wadau watoe maoni. Hatua hiyo ndiyo chama kama chetu kinaweza kuandika barua na kwenda kusikilizwa. Ajabu ni kwamba watu wengi hulala hapo, halafu wanaamka Muswada ukisomwa mara ya pili, wakati waziri anatoa hoja, Mwenyekiti wa Kamati anasoma maoni yao na wabunge wanachangia. Ukiamka wakati huo, la maana unaloweza kufanya ni kumtafuta mbunge mmoja akubebee marekebisho.

Uchangiaji una dakika zake, na kengele inalia muda ukiisha. Siandiki kila mchangiaji. Nasubiri sentensi moja tu: ile inayopendekeza kitu kibadilike, na ibara gani. Mbunge anaweza kusifu kwa dakika tisa na kupendekeza kwa dakika moja ya mwisho, "naunga mkono hoja" ikimfuata kengele ikiwa inalia.

Sasa nifike pale penye utamu. Waziri akishajibu hoja za wachangiaji, Bunge linahojiwa, yaani linaulizwa linaafiki au la, na Muswada unasomwa mara ya pili, kisha Bunge zima linakaa kama Kamati. Wabunge ni walewale na ukumbi ni uleule, lakini aliyekuwa Spika sasa anaitwa Mwenyekiti, na Muswada unapitiwa ibara kwa ibara. Niliwahi kukaa ukumbi wa wageni siku kama hiyo. Katibu anasoma, "Ibara ya 1." Mwenyekiti anawahoji. Ndiyooo! "Ibara ya 2." Ndiyooo! Unasikia kurasa zikifunuliwa, wengine wanapitisha kidole kwenye vishikwambi. Ikifika ibara yenye jedwali la marekebisho, mwendo unasimama: mwenye marekebisho anayasoma kwa ukamilifu wake, futa neno hili, weka maneno haya, mstari wa ngapi. Waziri anasema anakubali au hakubali. Wakivutana, wabunge wengine wanasimama kuchangia, kisha wanahojiwa. Baada ya hapo mwendo unarudi mbio kama ulivyokuwa. Ibara inayogusa maisha ya wafugaji wote nchini inaweza kupita kwa sekunde chache, na usipokuwa na nakala ya Muswada mbele yako pamoja na lile jedwali, hutajua kilichopita. Mtu aliyekaa jirani yangu, mgeni kama mimi, aliuliza kwa kunong'ona, "Ndiyo wameshapitisha?" Wameshapitisha, nikamwambia, na ukumbi wa wageni hauruhusiwi hata kupiga makofi.

Kwa hiyo Muswada ukiwa ndio shughuli ya siku, naandaa mapema: nazungushia kwa kalamu nyekundu ibara zinazotuhusu na kuandika pembeni jina la mbunge mwenye marekebisho. Katibu akitaja namba, naweka alama moja kati ya tatu: imepita kama ilivyo, imepita na marekebisho, imefutwa. Kamati ikimaliza, Bunge linarudia hali yake ya kawaida, mtoa hoja anatoa taarifa kwamba Muswada umepitiwa ibara kwa ibara na kukubaliwa, Bunge linahojiwa, na Muswada unasomwa mara ya tatu.

Wakati wa makadirio ya wizara mambo yanafanana, ila hapo panaitwa Kamati ya Matumizi, na badala ya ibara zinapitishwa fedha, fungu kwa fungu na kifungu kwa kifungu. Sisi macho yetu yako Fungu 99, la Mifugo. Ikifika Kifungu 1001, kile cha utawala chenye mshahara wa waziri ndani yake, ndipo wabunge wanapotafuta ufafanuzi wa kisera. Asiyeridhika anatangaza kushika shilingi, yaani anatoa hoja kwamba shilingi moja iondolewe kwenye mshahara wa waziri mpaka jambo lake lijibiwe. Shilingi yenyewe haina uzito wowote. Uzito uko kwenye kwamba waziri sasa analazimika kusema jambo mbele ya Bunge zima, na analosema linaingia kwenye kumbukumbu. Mara nyingi mbunge anairudisha shilingi baada ya kupewa ahadi, na ahadi hiyo ndiyo ninayoiwinda. Muda wa kamati ukikaribia kwisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila mjadala, kwa hiyo anayetaka kushika shilingi awahi.

Mtu anaweza kusema yote haya ni maigizo kwa kuwa mwishowe Ndiyo hushinda. Nakubali kwamba ni nadra sana Hapana kushinda. Lakini Julai 2011 wabunge, wakiwemo wa chama tawala, waliibana bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kwa sababu ya mgao wa umeme, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba iondolewe ikarekebishwe, ikarudi bungeni Agosti. Tangu nilipousoma mjadala ule siandiki "imepita" kabla sijasikia mwenyewe ikipita.

Kuhusu kura, kuna mambo wanachama huniuliza kila msimu. Kura nyingi ni za sauti: wanaoafiki, wasioafiki, na Spika anatamka upande anaodhani umeshinda. Bajeti Kuu ya Serikali, ile inayosomwa Juni na Waziri wa Fedha, inapigiwa kura ya wazi: mbunge anaitwa kwa jina, anajibu, anahesabiwa. Siku hiyo chukua mkeka ukae, maana majina ni mengi. Na si kura ya kuchezea, kwa kuwa Ibara ya 90 ya Katiba inaweka kukataliwa kwa bajeti kati ya sababu zinazomruhusu Rais kulivunja Bunge. Ibara ya 94 nayo inataka akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo, iwe nusu ya wabunge wote, na Spika hapigi kura ya kawaida ila kura zikilingana ana ya kuamua. Akidi inasumbua zaidi jioni. Mbunge yeyote anaweza kusimama kusema viti vimepwaya, kengele ikapigwa kuwaita walio nje.

Jioni, kikao kikiahirishwa, ninakuwa na Orodha iliyochafuka kwa wino. Kuigeuza kuwa ukurasa hakunichukui muda mrefu tena. Juu kabisa naweka yaliyoamuliwa, kwa maneno ya Bunge lenyewe. Chini yake ahadi za mawaziri, kila moja na namba ya swali au kifungu. Mbunge wetu akisema jambo zuri lisilozaa uamuzi anapata mstari mmoja mwishoni, kwa ajili ya amani ya kundi.

Baadaye ikitoka Taarifa Rasmi, yaani Hansard, nahakikisha. Ndani yake matukio yameandikwa kwenye mabano, (Makofi), (Kicheko), na lile ninalolitafuta mimi: (Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa). Tahadhari moja kwa atakayeanza kuisoma: humo mna michango ya maandishi pia, ambayo mbunge aliiwasilisha bila kuisema ukumbini. Ni halali na ni kumbukumbu, lakini usimwandike kwamba "alisimama akasema" wakati hakusimama.

Linalobaki kunipa ubishi na wanachama ni neno "sheria". Bunge likiridhia mkataba, linalopitishwa ni azimio, kama lile la 10 Juni 2023 la mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai. Hapo hakuna kusomwa mara tatu. Na Muswada hata ukishasomwa mara ya tatu bado ni Muswada. Unakwenda kwa Rais, ambaye anaweza kuukubali au kuurudisha bungeni na sababu zake, na ukirudishwa unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote ili upelekwe kwake tena kabla miezi sita haijapita. Kwa hiyo naandika "umepita, unasubiri kibali cha Rais", na mstari huo naurudia kwenye kila ukurasa mpaka Sheria itoke ikiwa na namba na mwaka wake.