Hodi

Mwaka 2011 nilitimiza miaka 14, sauti ikaanza kunikwaruza kooni, na Mama akaanza kujitanda mbele yangu.

Kabla ya hapo alikuwa akikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, leso kaifunga kifuani, nywele wazi, nami nimechutama kando nikidokoa nazi kwenye sinia huku akinipiga vidole. Miaka mitano tuliishi hivyo. Nilikuwa na miaka 9 afisa wa watoto aliponitoa makao ya mayatima akanileta Majengo, Mombasa, kwao. Katika karatasi za serikali nilikuwa mtoto wa malezi ya kambo. Baba, aliyekuwa akifanya shifti bandarini Kilindini, alisema kafala, yaani malezi ya yatima kwa njia ya Kiislamu. (Sheria ya watoto ilikuja kulitaja neno hilo mwaka 2022, mimi mwenyewe nishakuwa na wanangu.) Nilibaki na jina la marehemu babangu mzazi, na hilo halikuniuma hata kidogo.

Iliyoniuma ni hodi.

Nilitoka skuli, nikausukuma mlango kama siku zote. Wifi yake Mama alikuwa hapo akichagua mchele. Mama aliponiona akavuta leso ya pili mbiombio akajifunika kichwa, kama aliyeingiliwa na muuza makaa.

"Kuanzia leo ukifika mlangoni upige hodi kwanza," akasema, macho kwenye sinia.

"Umebaleghe," wifi akadakia. "Wewe naye si maharimu, si jamaa wa kutojifunikia."

Hukumu yenyewe nilikuwa naijua. Chuoni, kwenye Kurani, tulisomeshwa kwamba angeninyonyesha kabla sijatimiza miaka 2, ningekuwa mwanawe. Nami nilikuja kwake nikitafuna miwa. Lakini chuoni nilidhani yanasemwa mambo ya watu wengine.

Nikatoka na yunifomu yangu, mguu mosi mguu pili hadi Likoni. Kwenye feri mtu wa miguu halipi, basi nikavuka nikarudi, nikavuka nikarudi, sijui mara sita, mara nyingine juu ya MV Kwale iliyokuwa ingali mpya. Nilishika vyuma vya ukingoni nikihesabu wapigao hodi: mgeni, mwenye nyumba akija kudai kodi, mtu wa stima. Mtoto wa nyumba huingia tu! Na afisa wa watoto akija kuniuliza kama naishi vizuri, ningemjibu nini? Mama amejifunika?

Niliporudi, adhana ya isha ilikuwa imekwisha zamani. Mlango uko nusu wazi. Nikasimama kizingitini, nikajikaza. Ikatoka "ho" nzito kama ya mzee, kisha "di" nyembamba ya kifaranga.

Ndani kikasikika kicheko kilichobanwa na leso.

"Ngoja!" Hakusema karibu, nililiona hilo papo hapo. Akatokea kajitanda, kicheko kimeshageuka ukali. "Watoka wapi saa hizi, wewe? Babako kakutafuta mpaka Mwembe Tayari! Wataka kuniua kwa roho juu?"

Sikujibu. Akanielekeza mkekani kwa kidole, akaondoka akinung'unika.

Nikafunua kawa. Wali, samaki wa kupaka, vyote vimepoa. Kando yake kisahani kidogo cha nazi iliyokunwa, haijakamuliwa tui, imeanza kukauka pembezoni.