Kwenda Mbudya Ni Rahisi, Iulize Boti Wakati wa Kurudi

Boti tuliyotaka kununua ilikuwa imefungwa kwenye boya pale Msasani, Dar es Salaam: faiba nyeupe, futi 21, na kijichumba omoni, yaani sehemu ya mbele, chenye magodoro mawili yaliyokutana kwa mbele. Kijichumba ndicho kilichotuleta. Mama watoto alishapanga kila kitu kichwani. Jumamosi tunakwenda kisiwani Mbudya, kitindamimba analala ndani, mizigo hailowi, naye anabadilisha nguo bila kushikiwa kanga.

Muuzaji alitaka tuijaribu saa moja asubuhi, tuzunguke kidogo turudi. Fundi niliyekwenda naye, mzee aliyezeekea kwenye mashine za boti, akakataa.

"Mwezi wa saba huu, upepo wa kusi unavuma. Asubuhi boti zote ni nzuri. Twende Mbudya na watoto, turudi alasiri."

Kabla ya kung'oa nanga aligongagonga mwili wa boti kwa mpini wa bisibisi, kuanzia omo mpaka tezi kule nyuma, akitega sikio pasije pakaitika kama ubao uliooza. Akafunua ngama, pale chini ya sakafu maji yanapokusanyika: kavu kabisa. Mashine ya nguvu za farasi 115, ile isiyochanganyiwa oili kwenye petroli, iliwaka papo hapo na kutema maji yake ya kupoozea kwa mshipa mzuri.

Kwenda hakuna la kusimulia. Upepo mgongoni, kama kilomita kumi, kisiwa cha Bongoyo tukakipita, cha Pangavini tukakipita, watoto wanapiga kelele za furaha. Muuzaji alikuwa akinitazama usoni kama mtu aliyekwisha hesabu noti.

Visiwa hivi vimehifadhiwa tangu 1975, kwa hiyo tulilipa ada, tukatia nanga kwenye mchanga mbali na matumbawe, na tukaagiza samaki wa kukaanga na chipsi chini ya mivinje. Saa saba mchana kitindamimba akasinzia. Mama yake akampeleka kwenye kile kijichumba, na hazikupita dakika tano akatoka naye, wote wawili wanatiririka jasho.

"Baba, huku ndani ni tanuri."

Boti ikiwa nangani huelekeza omo kwenye upepo yenyewe, hivyo tundu la juu likifunguliwa upepo unaingia bila feni. Hili la kwetu lilikuwa limezibwa kwa gundi pande zote. Muuzaji akasema lilikuwa likivuja, "kidogo tu." Mtoto akalala nje, chini ya turubai dogo la usukani, na nikaanza kuona kwamba kwa jua letu nilipaswa kuulizia kivuli kabla ya magodoro. Ngazi ya kupandia kutoka majini nayo haikuwepo. Mama watoto alivutwa kwa mikono miwili, na hakufurahi.

Kurudi tulielekea kusini, upepo usoni. Mawimbi yalikuwa mafupi, yamekaribiana, na kila moja lilipiga tumbo la boti kama kofi. Fundi akapunguza mwendo mpaka nusu ya ule wa asubuhi. Mtoto mkubwa alikuwa amejifungia kijichumbani akijifanya nahodha. Alitoka amesawijika, akatapika pembeni. Omo ndiyo inayorushwa kuliko sehemu yoyote, na ndiko walikoweka kitanda! Hapana lawama, boti ndogo hazina pengine pa kukiweka, ila muuzaji alikuwa ametuambia watoto watalala njia nzima.

Petroli ilitosha. Fundi ana kanuni yake: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi. Haikuguswa.

Tulipofunga kwenye boya alifunua ngama tena. Safari hii kulikuwa na maji, kina cha vidole vitatu. Muuzaji akawahi kusema ni ya mvua ya juzi. Mzee akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Ya chumvi. Ipandishwe juu tuone tumbo lake, halafu ndiyo tuzungumze bei."

Muuzaji akasema atanipigia simu.