Ofa ya Malaba mkononi, Kampala bado wananizungusha

Ukipata ofa ya kazi huku unangoja nyingine, kila mtu hugeuka mshauri. Baba mdogo aliniambia mshika mbili moja humponyoka, nisaini upesi. Shangazi, jioni ile ile, akasema haraka haraka haina baraka, ningoje ya Kampala. Wote wawili walikuwa wanakunywa chai yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mshahara ni kiasi gani.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ilinitaka niwe karani wa nyaraka za trela zinazotoka Mombasa. Laki tisa za Uganda kwa mwezi kabla ya makato, jibu kabla ya Ijumaa. Kampala, kampuni kubwa ya usafirishaji ilikuwa imeshanifanyia usaili na kunidokezea milioni moja na laki tatu, lakini kila nikipiga naambiwa "tutakupigia".

Binamu yangu, ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu, ndiye aliyenipa mbinu mbovu kuliko zote ya kuwachelewesha hao wa Malaba. "Zima simu. Mimi nitapita ofisini kwao niwaambie uko matangani kijijini, hakuna mtandao." Nikazima. Kesho yake jioni nimesimama kwa muuza roleksi, yaani chapati ya kukunjwa na mayai, chapati inageuzwa, mayai mawili, nyanya nyingi, mara nasikia nyuma yangu: "Pole sana na msiba." Kugeuka, ni madamu wa utawala wa kampuni ile ile. Kabla sijapata la kusema, muuza roleksi akadakia: "Msiba gani tena? Si huyu anakula hapa kila jioni?" Madamu hakusema kitu. Aliagiza yake, akaomba aongezewe kabichi, akaenda zake. Mimi nikabaki na chapati yangu, imenikaa kooni. Na ukifikiria vizuri, simu niliyoambiwa nizime ndiyo hiyo hiyo ambayo Kampala wangenipigia!

Asubuhi nikaenda mwenyewe. Nikamwambia madamu kweli yote: kuna usaili mwingine nilifanya, nami nataka kuusoma mkataba kabla ya kujibu. Akacheka hadi akavua miwani. Akanipa barua.

Hapo sikuomba muda, niliuliza maswali. Ile 10% ya mwajiri ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, mnailipa juu ya mshahara, au mnaitoa humo humo? (Kisheria mfanyakazi anakatwa 5% tu, lakini wapo waajiri wanaokukata zote mbili na ukinyamaza wanashukuru.) Majaribio ni ya miezi mingapi? Barua haikusema. Zamu ya usiku ina nauli, maana mpaka huu haulali? Madamu hakuwa na majibu. Mhasibu yuko Busia, bosi kasafiri. Barua ikarudishwa kuandikwa upya, na Ijumaa yao ikapita bila mtu kuitaja. Wenyewe ndio walionipa muda, tena kwa heshima, maana mtu anayeuliza habari za NSSF anaonekana ni mtu wa kukaa.

Muda huo nikautumia kupiga Kampala, safari hii bila kubembeleza. "Madamu, nina barua ya ofa mkononi, nitasaini Jumatano. Kabla ya hapo mnaweza kuniambia lolote?" Ndiyo mara ya kwanza kupata jibu la maana: nafasi inasubiri bajeti ya mwaka mpya wa fedha, yaani Julai, na yeye hawezi kuahidi. Sisi tulikuwa Aprili.

Nikasaini Malaba. Watu wanaogopa kusaini kama vile ni ndoa ya kanisani. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema majaribio yasizidi miezi sita bila ridhaa yako, na ukiwa ndani ya majaribio unaweza kuondoka kwa notisi ya siku 14. Ila uondoke kwa notisi kweli, siyo kutoroka. Malaba ni ndogo, mawakala wote wanajuana, na uliyemtoroka leo kesho utamkuta mbele yako kwenye foleni ya forodha.

Agosti Kampala wakapiga. Nikasema leteni barua kwanza. Ikaja kweli, milioni moja na laki tatu, na nyumbani wakaanza kunifungia mizigo. Mimi nikachukua kalamu. PAYE, kodi ya mshahara, hukata 30% kwa kila kinachozidi 410,000 na kidogo kwa kilicho chini yake, halafu NSSF juu yake. Laki tisa yangu ilikuwa inafika mkononi 683,000. Ile ya Kampala ingefika 943,000. Tofauti ni 260,000 tu, siyo laki nne kama walivyokuwa wanaimba. Malaba nalala kwetu na naenda kazini kwa miguu. Chumba na sebule nilichoulizia Bweyogerere, pembeni mwa Kampala, hakikushuka chini ya laki tatu, na bado hujapanda taksi, hujakaa kwenye foleni ya Jinja Road, hujala. Ningehamia mjini kupata hasara yenye cheo.

Binamu alisema nimerogwa. Nikawaandikia Kampala siku hiyo hiyo kwamba nashukuru lakini siji, ili wasichelewe kumpigia anayefuata, maana huenda naye ana binamu anayemshauri azime simu.