Ukitaka mpaka usogezwe, taja kata ndogo

Kila Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya, IEBC, inapofungua vikao vya maoni kuhusu mipaka ya maeneo bunge na wadi, kumbi hujaa. Watu huzungumza kwa uchungu, na uchungu huo una sababu zake. Tatizo huja baadaye, afisa anapokaa na ramani na kujaribu kuyageuza yale maneno kuwa mstari. "Wadi yetu ni kubwa mno." "Tulikatwa tukatupwa kwa watu wengine." "Nasi tunataka eneo bunge letu." Achore nini hapo? Hakuna eneo lililotajwa, hakuna idadi ya watu, hakuna neno juu ya jirani atakayebaki upande wa pili. Maoni ya namna hiyo huhesabiwa, huhifadhiwa, na mpaka hubaki ulipokuwa.

Tuanze na ombi linalorudiwa kuliko yote, la eneo bunge jipya. Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya kimeweka maeneo bunge 290. Hayaongezeki kwa kuwa watu wameongezeka. Kabla ya 2010 yalikuwa 210, na ni Katiba yenyewe iliyoongeza yale 80. Ndipo Embakasi, iliyokuwa na wakazi zaidi ya 900,000 katika sensa ya 2009 chini ya mbunge mmoja, ilipogawanywa mara tano. Leo, kupata eneo bunge jipya mahali pamoja ni kulifuta au kuliunganisha lingine mahali pengine, na kupita 290 ni kubadilisha Katiba. Tume haina uwezo huo hata ikitaka. Mkazi anayetumia dakika zake tatu za kipaza sauti kudai eneo bunge la 291 amezipoteza, na inaniuma kwa sababu mara nyingi nyuma ya ombi hilo kuna malalamiko ya kweli ambayo yangetatuliwa kwa kupanga upya wadi tu.

Sasa hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata takriban 164,015 kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30 kutoka hapo, na asilimia 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika. Kwa hiyo eneo bunge la kawaida linapaswa kuwa kati ya watu 114,811 na 213,219, na lile la mjini au la nyika kati ya 98,409 na 229,621. Kwa wadi, ambazo ni 1,450, wastani ni 32,803. Asilimia 30 kila upande inakupa 22,962 hadi 42,644. Ziandike namba hizi juu ya karatasi yako kabla ya kuandika neno jingine lolote.

Hapa ndipo waandishi wengi wa maoni hujikwaa: wanatumia idadi ya wapiga kura waliosajiliwa. Daftari la wapiga kura halihusiki. Katiba inasema wakazi, pamoja na watoto wachanga, wanafunzi na watu wazima wasio na vitambulisho. Katika kaunti za mpakani ambako kijana anaweza kuhangaika miaka akitafuta kitambulisho, tofauti kati ya namba hizo mbili ni kubwa sana, na anayetumia daftari anawapunguza watu wake mwenyewe kwa mkono wake.

Tofali la kujengea ni kata ndogo, yaani eneo la chifu msaidizi (sub-location). Kitabu cha pili cha matokeo ya sensa ya 2019 kinatoa idadi ya watu hadi kiwango hicho, na tangazo la kisheria la Machi 2012 lililoweka mipaka inayotumika lilieleza wadi kwa kuorodhesha kata ndogo zake. Ukiandika "upande wa juu wa barabara uhamishiwe wadi jirani", hakuna anayejua upande huo una watu wangapi. Ukitaja kata ndogo fulani, kutoka wadi fulani kwenda wadi fulani, pamoja na idadi yake ya sensa, tayari umefanya nusu ya kazi ya mchora ramani. Jihadhari na jambo moja: kata ndogo nyingine zimegawanywa kiutawala baada ya sensa. Jina linaloandikwa leo kwenye mlango wa ofisi ya chifu msaidizi huenda halimo kabisa katika kitabu. Hapo tumia jina la kata ndogo ya zamani na idadi yake, kisha eleza kwa sentensi moja kwamba imegawanywa na sehemu zake ni zipi. Majina ya vijiji peke yake hayatoshi, kwani jina moja linaweza kuwa la vijiji vitatu ndani ya kaunti moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo bunge lina watu 171,000 katika wadi tano: 49,000, 38,000, 34,000, 29,000 na 21,000. Kwa jumla liko sawa. Ndani yake hali ni nyingine: wadi ya kwanza imezidi kikomo cha juu, ya mwisho haifikii kile cha chini. Zikiwa zinapakana, mambo ni mepesi. Hamisha kata ndogo yenye watu 8,400, na zinakuwa 40,600 na 29,400, zote ndani ya mipaka ya sheria. Lakini mara nyingi hazipakani. Tuseme ile ya 34,000 iko katikati. Basi inapokea 8,400 kutoka kubwa na kufika 42,400, karibu kabisa na ukingo, halafu inatoa kata ndogo nyingine ya watu 6,000 upande wa pili. Inabaki na 36,400, na ile ndogo inafika 27,000. Mipaka husogea kama watu kwenye benchi: akisogea mmoja, wote wanasogea. Ndiyo maana waraka mzuri wa maoni huonyesha namba za kabla na za baada kwa kila wadi inayoguswa, hata ile ambayo mwandishi haishi ndani yake. Hilo ndilo linalotenganisha pendekezo na lalamiko.

Idadi ikishakaa sawa, zinafuata sababu. Katiba inataja sura ya nchi na miji, maslahi ya pamoja ya jamii pamoja na uhusiano wao wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Kwenye vikao, "maslahi ya pamoja" hugeuka upesi kuwa ukoo. Hoja ya ukoo mtupu ni dhaifu, na ina hatari yake, kwa sababu jirani naye atajibu kwa ukoo wake na kikao kinakuwa uwanja wa vita. Onyesha maisha yenyewe: watu wanauza mifugo soko gani, watoto wanavuka kwenda shule ipi, zahanati na kisima vinatumiwa na nani, matatu inayotoka hapo inaishia wapi. Mto nao haujibu swali peke yake. Mto wenye daraja huunganisha kijiji na soko lake. Mto huohuo usio na daraja hukata watu na ofisi ya mwakilishi wadi wao miezi yote ya mvua. Sema ni upi kati ya hiyo miwili, na kwamba njia ya kuzunguka ni kilomita ngapi.

Sahihi nyingi? Zina faida ndogo kuliko watu wanavyodhani. Fomu 500 zenye maneno yaleyale ni hoja moja iliyorudiwa. Afadhali nyaraka tatu, moja ya wafugaji, moja ya wazazi wa shule, moja ya wafanyabiashara wa soko, kila mmoja akieleza anachokijua.

Mahali pagumu kweli ni kule ambako haki ya idadi inagongana na haki ya umbali. Kaunti yote ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, pungufu ya wastani wa eneo bunge moja, na ina mawili. Lamu Mashariki peke yake ina watu 22,258. Ni moja kati ya maeneo bunge 27 yaliyokuwa chini ya kiwango mwaka 2012 yakaokolewa na masharti ya mpito, yaliyosema uhakiki wa kwanza usifute eneo bunge lililokuwepo. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja. Mkazi wa mtaa uliosongamana wa Nairobi ana haki ya kuuliza kwa nini kura yake ni nyepesi hivyo. Mkazi wa Faza, kisiwani huko Lamu Mashariki, anayesafiri kwa mashua kulingana na maji kujaa na kupwa, na ambaye kura yake ingemezwa ikiunganishwa na bara, naye ana haki ya kujibu. Mimi naamini hoja ya Faza inapaswa kusikilizwa kwa ukamilifu, lakini sharti isimame juu ya mawasiliano na umbali. "Tulikuwa nalo tangu zamani" haitatosha tena.

Kuhusu muda, uhakiki unatakiwa kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12. Tukihesabu kutoka Machi 2012, dirisha lilifungwa Machi 2024, wakati tume haikuwa na makamishna tangu Januari 2023, na wapya waliapishwa Julai 2025. Mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi mkuu unaofanyika ndani ya miezi 12 baada ya kazi kukamilika.

Uamuzi ukishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama inapaswa kuamua ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2012 zilifikishwa kesi zaidi ya mia moja. Siku 30 hazitoshi kuanza kukusanya takwimu upya. Kwa hiyo unapowasilisha waraka katika ofisi ya tume ya eneo bunge lako, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ndiyo itakayomwonyesha jaji kwamba hoja yako ilikuwa mezani kabla mstari haujachorwa.