Andikeni umri wa mgonjwa

Kila kipande cha nyama ya mwili wa mgonjwa kinacholetwa kwenye maabara yetu hapa Upper Hill, Nairobi, huja na fomu, na kwenye fomu kuna nafasi ndogo ya umri. Mara nyingi mno naikuta imejazwa "mtu mzima". Mtu mzima wa miaka 24 au wa 81? Nimeshika chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ndani kuna kijipande cha milimita mbili cha umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, maelezo yanasema mgonjwa hawezi tena kumeza ugali na amekonda, na jambo ambalo lingemsaidia sana mwanapatholojia, daktari anayesoma nyama hizo kwa hadubini, halipo.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuzigandisha nyama hizo kwenye nta, kuzikata nyembamba sana kwa mashine iitwayo mikrotomu, kuzitia rangi na kuziandaa kwa hadubini. Nimefanya kazi hii tangu nitoke chuoni, na kama kuna jambo moja ninalotaka wauguzi, madaktari na ndugu za wagonjwa wanisikilize, ni hili la umri. Saratani, kwa sehemu kubwa, ni hesabu ya miaka.

Mwaka 1954 kule London, watafiti Peter Armitage na Richard Doll walichukua takwimu za vifo vya saratani nchini mwao wakazipanga kwa umri. Hawakuwa wamesoma DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila seli, ya mgonjwa yeyote. Muundo wenyewe wa DNA ulikuwa umetangazwa mwaka mmoja tu kabla. Waliona kwamba kwa saratani nyingi, vifo hupanda kwa umri uliopigwa kipeo cha sita, yaani umri ukizidishwa kwa wenyewe mara sita. Kwa hesabu hiyo, umri ukirudufika, hatari haiwi mara mbili, inakuwa mara 64. Wakahitimisha kwamba seli haigeuki saratani kwa pigo moja. Lazima ipitie hatua kama sita au saba, na hatua hizo zinahitaji muda.

Hatua hizo ni mabadiliko kwenye DNA, na siku hizi yanahesabika. Ninapokata utumbo mpana naona vishimo vidogo vilivyojipanga safu safu, na seli za kila kishimo zimetokana na seli shina moja, seli mama inayozaa nyingine. Watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walisoma DNA ya vishimo hivyo kutoka kwa aina 16 za mamalia, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Seli ya binadamu huongeza mabadiliko kama 47 kwa mwaka. Ya panya, karibu 800. Twiga, hawa hawa tunaowaona dirishani treni ya SGR ikivuka mbuga ya Nairobi, 99. Fuko asiye na manyoya, anayechimba chini ya ardhi kavu kule Mtito Andei, 93. Panya hafikishi hata miaka mitano, fuko huyu hupita 30, lakini kila mmoja akifika mwisho wa maisha yake, jumla ya mabadiliko kwenye seli inakaribiana: kama 3,200 hivi. Bado nastaajabu kila nikiiwaza namba hiyo.

Mengi ya mabadiliko hayo hayana madhara. Na mengi hayana wa kulaumiwa. DNA inakaa ndani ya maji, na maji yenyewe huigeuza herufi moja kuwa nyingine, polepole, usiku na mchana, kwa mchamungu na kwa mlevi. Mengine mwenyewe anajulikana: paketi moja ya sigara kila siku kwa mwaka mmoja huongeza kama mabadiliko 150 kwenye kila seli ya mapafu.

Ndiyo maana huniuma nikisikia familia ikimtafuta aliyewaroga, au ikiwatenga mabinti wa ukoo kwa sababu mama yao aliugua. Saratani za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Na kinachotuonyesha mapema kwamba hii huenda ni ya kurithi ni nini? Umri. Mwaka 1971, Alfred Knudson, akiwa Texas, alipitia rekodi za watoto 48 wenye saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Waliougua macho yote mawili waliugua wakiwa wadogo zaidi. Akaelewa kwamba wenye aina ya kurithi huzaliwa na pigo la kwanza tayari, wanangoja la pili tu. Wengine lazima wayapate yote mawili wakiwa wameshazaliwa. Jeni lenyewe, yaani kipande cha DNA kinachoharibika, liitwalo RB1, lilikuja kupatikana zaidi ya miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo utumbo wa kijana wa miaka 28 ukija na saratani, mwanapatholojia anawaza kama alizaliwa na hitilafu kwenye jeni zinazorekebisha makosa ya DNA, na kama dada na kaka zake waitwe wapimwe. Kwa mzee wa miaka 75, wazo la kwanza ni jingine. Hata utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ule unaoonekana wa kawaida kabisa kwa mwanamke wa miaka 32, kwa nyanya wa miaka 68 aliyekwisha koma hedhi unatia wasiwasi.

Najua ugumu uliopo. Wazee wetu wengi wana kitambulisho chenye mwaka wa kukisia. Basi ulizeni. Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952, mzee ulikuwa umezaliwa? Uhuru ulikukuta wapi? Njaa ya 1984 ulikuwa na watoto wangapi? Rika lako lilitahiriwa lini? "Takriban 70" inatosha kabisa.

Sasa nirudi kwenye umio, kwa sababu huo ndio unaoninyima usingizi. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu mwenye afya njema akifika umri wa makamo, zaidi ya nusu ya seli za umio wake zinaweza kuwa na mabadiliko kwenye jeni liitwalo NOTCH1, na bado anakula nyama choma bila shida yoyote. Kumbe mabadiliko peke yake hayatoshi. Wakati huo huo, madaktari wa Tenwek kule Bomet wameripoti kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani hii walio chini ya miaka 30. Hao hawajaishi miaka ya kutosha kwa ile hesabu ya Armitage na Doll. Mwaka 2021 zikachapishwa DNA za uvimbe 552 wa umio kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi, na alama zilizokutwa, yaani mpangilio wa mabadiliko ambao kisababishi huacha kwenye DNA, zilikaribia kufanana, penye ugonjwa mwingi na penye ugonjwa mchache. Kinachofanya saratani hii iwe nyingi kwetu hakionekani kuandika alama yake kwenye DNA. Huenda kinaziamsha tu seli ambazo tayari zimebadilika.

Wakati kisababishi hicho bado kinatafutwa, tukumbuke kwamba shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai ya maziwa yetu hutoka kwenye sufuria ikichemka na watu huinywa hapo hapo. Nyumbani kwangu tunaimimina, tunaiacha ipoe kwanza, na mgeni akiuliza tunamweleza sababu.