Ufa wa kona ya magharibi

Septemba 2022, baada ya masika kutuangusha tena, mlango wa chumba cha nyuma ulianza kukwama juu, upande wa kitasa. Seremala akauranda, akalipwa, akaenda. Wiki mbili hazikuisha, ukakwama tena. Ndipo nilipozunguka nje nikakuta udongo umeachana na ukuta: mwanya wa kuingiza vidole viwili, kutoka kona ya magharibi hadi chini ya dirisha la jikoni. Juu ya dirisha, ufa ulipanda kama ngazi ukifuata viungo vya mawe.

Huku Embakasi, Nairobi, tumejenga juu ya udongo mweusi, black cotton. Ule mwekundu wa Kabete hauna kisirani hiki. Mweusi ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na hukauka kuanzia pembeni, hasa panapopigwa na jua la alasiri. Chini ya slabu ya sakafu, katikati ya nyumba, unyevu hubaki. Basi kona inashuka, katikati inagoma, na ukuta wa mawe haujui kupinda.

Nilikoroga simiti na mchanga, nikaziba ule mwanya. Mzee mmoja, fundi wa mawe, alipouona alicheka kwanza.

"Mama, umepigilia kabari hapa. Mvua ikija udongo utavimba, na nafasi yake umeiziba. Utasukuma nini? Si ukuta?"

Nikashinda siku nzima na tindo nikiibandua. Jioni nikachukua ndoo nimimine maji mwanyani, akanizuia tena. Maji ya ndoo hushuka moja kwa moja hadi chini ya msingi, yakalainisha mahali pamoja huku kwingine kumekauka kama tofali.

Alichotaka ni unyevu wa polepole, ulio sawa pande zote. Tulichukua mpira wa maji uliochakaa, mita 15, tukautoboa kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja kila sentimita 20, ncha moja tukaikunja na kuifunga waya. Tukaulaza sentimita 45 kutoka ukutani, matundu yakitazama chini. Ncha nyingine tukaichomeka kwenye pipa la lita 200 lililoinuliwa juu ya mawe manne, kwa kuwa mfereji kwetu ulitoa maji siku mbili tu kwa wiki. Pipa moja jioni, mara tatu kwa wiki, tukiuhamisha mpira upande hadi upande. Nilitaka kumwagilia kona mbovu peke yake, akakataa: upande mmoja ukivimba na mwingine umekauka, nyumba inajipinda.

Kipimo kilikuwa kipande cha nondo ya milimita 10. Kikizama sentimita 30 kwa mkono, inatosha. Kikirudi na tope, funga maji. Juu ya udongo tulitandaza nyasi kavu, kimo cha kiganja, bila kugusa ukuta. Jirani alikuwa na mkaratusi mita nne kutoka kwetu, nami nikadai ukatwe. Mzee akasema upunguzwe matawi tu: mti mkubwa ukiondolewa kwa mara moja, udongo ulioukausha miaka mingi huanza kurudisha maji na kuinua msingi.

Ufa hatukuugusa. Alichora kwa penseli msitari kwenye kila ncha yake, akaandika tarehe, nami nikawa naupima kwa rula kila Jumapili. Ulianza na milimita 3. Ukasimama hapo hadi Desemba, na mvua za Machi 2023 ziliporudi ukajifunga hadi milimita 1, ukatulia. Mei ndipo tulipochokoa plasta na kuujaza. Tulimwaga pia ukanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja, ukiteremka sentimita 5 kuelekea nje, na maji ya gata tukayapeleka mtaroni.

Kilichobaki ni mlango. Sasa fremu imerudi mahali pake, na pale seremala aliporanda mbu wanapita wakipenda. Nimekatia pale kipande cha ndara kuukuu, nikakigongomea misumari miwili.