Pawa saplai moja, mafundi wanne

Katika chumba chetu pale Kariakoo tuko mafundi wanne, na pawa saplai, ile mashine ya mezani ya kutoa umeme kwa volti na ampia unazopanga mwenyewe, ni moja, ya hadi volti 30 na ampia 5. Mimi ni fundi simu. Mwenzangu mmoja anashughulika na laptopu, mwingine na taa za sola, na Mzee wetu ni wa redio za magari. Bodi ya simu inataka volti 4 hivi, laptopu nyingi 19, redio ya gari 12 na ushee. Ukikaa mezani unarithi volti za aliyetoka. Bodi ya simu ikionja 19 kidogo tu, IC ya umeme, ile chipu inayogawa umeme kwenye bodi, imekwenda, na simu ni ya mtu.

Mashine yetu haina kitufe cha kufunga umeme unaotoka, kwa hiyo naiwasha vibanio vya nyaya zake vikiwa havijashika kitu. Nashusha volti hadi mwisho, nazipandisha kidogo tu, kisha nagusanisha vibanio na kupanga kikomo cha ampia: taa ya CC, inayoonyesha kuwa ampia zimefika kikomo, inawaka, nazungusha nobu mpaka isome 1. Naviachanisha, napandisha volti hadi 4, nahakikisha kwa mita. Hapo ndipo naunga bodi, hasi kwanza, chanya baadaye. Ikivuta umeme kabla sijabonyeza kitufe cha kuwasha simu, najua kuna shoti.

Vijana wengi wanaamini ampia zikiwa ndogo volti hazina madhara. Si kweli. Ndani ya mashine, upande wa kutokea umeme, kuna kapasita yenye chaji, na chaji hiyo inamwagika kwenye bodi kabla kikomo hakijashika. Volti ziwe sahihi kwanza.

Wenzangu walikubali haraka tushushe volti kila tunapomaliza. Mzee alikataa. "Kijana, nikiweka 13.8 asubuhi natumia hizo hizo kutwa. Nishushe za nini?" Nilimwelewa, kazi yake haibadiliki kama yangu. Sikubishana naye.

Kisha ikaletwa redio inayokata fyuzi kila ikiungwa kwenye gari. Nikamwomba, "Mzee wangu, tuipe 12, lakini ampia nusu tu." Kuiunga tu, taa ya CC ikawaka na volti zikaanguka karibu na sifuri. Hakukuwa na moshi wala fyuzi iliyokatika. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye ile dayodi ya kukinga nyaya zikigeuzwa, akaitoa, volti zikarudi. Ilikuwa imekufa shoti. Akatazama ile nobu ya ampia kwa muda, akasema, "Kumbe hii inapima pia." Siku hizi yeye ndiye anayepiga kelele: "Shusha kabla hujaondoka!"

Umeme ukikatika, kila mtu anatoa vibanio vyake, kwa sababu ukirudi mashine inaamka yenyewe na volti zinaweza kuruka kabla hazijatulia. Plagi yake ina miguu mitatu, nasi tulinunua ekstensheni yenye waya wa ethi kweli, maana boksi la mashine ni la chuma na linashikwa na kila mkono.

Bado tunavutana kuhusu betri za lithiamu. Kuna anayependa kuiacha betri ikipata chaji mezani akaenda kula. Kwangu hapana, hata kama kaweka volti 4.2 sawasawa. Nobu iko wazi, chumba ni cha watu wengi, na betri ikipitishwa kiwango inaweza kuwaka moto. Nikimkuta hayupo, naichomoa na kumsubiri arudi.